Moshi wa Kiangazi: Jua Unakoelekea Kabla Haujaingia Kifuani

MSOMAJI, daktari yeyote anayetibu wakazi wa Nairobi hutambua jambo moja baada ya miaka michache kazini. Mvua za masika zikikatika na Juni ikaingia, foleni ya wenye kukohoa hurefuka. Wagonjwa wa pumu ambao hawakuonekana tangu Machi hurudi wakitweta. Watoto wachanga huletwa usiku, vifua vikikoroma. Wengi husema ni baridi. Wengine hulaumu vumbi. Wachache hutaja moshi, na hao nao huulaumu kwa wingi wake tu: magari yameongezeka, taka zinachomwa kila kona, majiko ya makaa yamejaa ploti nzima.

Sikatai kwamba baridi ina mchango wake. Watu wakijifungia ndani, virusi vya mafua huenea upesi. Lakini tujiulize: je, magari ya Julai ni mengi kuliko ya Aprili? Je, jaa la taka huwaka kiangazi na kuzimika masika? La. Vyanzo vya moshi ni vilevile karibu mwaka mzima. Kinachobadilika sana ni hewa inayoupokea moshi huo.

Hili ndilo somo letu la leo. Moshi uleule, kutoka kwa moto uleule, waweza kupaa juu ya paa lako ukatawanyika, au ukashuka na kulala nawe chumbani hadi alfajiri. Hali ya anga ndiyo huamua. Mtu anayejua kuisoma atajua saa ya kufungua dirisha na saa ya kulifunga, saa ya kufanya mazoezi na saa ya kumzuia mtoto asitoke nje.

MOSHI NI NINI HASA?

Moshi ni mchanganyiko wa gesi na chembe ndogo ndogo. Chembe zinazotutia wasiwasi sisi madaktari ni zile ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5. Ili upate picha, unywele mmoja wa kichwani mwako una upana wa mikromita 70 hivi. Zitahitajika karibu chembe 30 zikiwa zimepangwa bega kwa bega ili zitimize upana wa unywele huo.

Chembe kubwa, kama zile za vumbi la barabarani, huanguka upesi au hunaswa na vinyweleo vya pua. Hizi ndogo hazianguki hivihivi. Huelea hewani siku kadhaa, pengine wiki moja au zaidi. Kinachozishusha kwa uhakika ni mvua. Matone huziokota na kuziteremsha ardhini, na ndiyo sababu baada ya mvua kubwa hewa huonekana safi na milima ya mbali huonekana karibu.

Kiangazi hakina mfagiaji huyo. Chembe za leo hujumlishwa na za jana, nazo za kesho huja juu yake.

KIFUNIKO KISICHOONEKANA

Kwa kawaida, kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Kwa wastani joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila kilomita moja ya kimo. Ndiyo sababu anayeishi Limuru hubeba sweta hata kama anashinda kazini katikati ya jiji. Hewa yenye joto ni nyepesi, nayo hupanda. Moshi ukitoka motoni ukiwa moto, hupanda pamoja na hewa hiyo, na maadamu hewa iliyo juu yake ni baridi zaidi, huendelea kupanda na kuchanganyika hadi ukapungua makali.

Sasa fikiria usiku mkavu usio na mawingu. Ardhi iliyopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto lake kuelekea angani, nayo hupoa haraka. Hewa inayoigusa hupoa pia. Kufikia usiku wa manane, hewa ya chini imekuwa baridi kuliko hewa iliyo mita mia moja au mia mbili juu yake. Mpangilio umepinduka. Hewa baridi ni nzito, haina sababu ya kupanda. Moshi ukipaa kidogo hukutana na tabaka lenye joto, nguvu zake huisha, nao hutandaa na kubaki hapo.

Wataalamu wa hali ya anga huita jambo hili mgeuko wa joto. Wewe liite kifuniko. Sufuria ikichemka bila kifuniko, mvuke huenda zake. Ukiifunika, mvuke hurudi chini. Mtaa wako ni sufuria.

Kifuniko hiki kimewahi kuua watu kwa maelfu. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, jiji la London lilifunikwa na hewa baridi isiyosogea huku kila nyumba ikichoma makaa ya mawe kujipasha moto. Moshi haukuwa na pa kwenda. Hesabu ya kwanza ilionyesha kwamba watu 4,000 hivi walikufa kwa sababu yake, nao watafiti waliochunguza baadaye walikadiria kwamba idadi ilifika 12,000. Waingereza walipitisha sheria ya hewa safi mwaka wa 1956. Angalia vizuri: makaa yalikuwa yakichomwa London kila msimu wa baridi, lakini maafa ya siku zile tano yaliletwa na hewa iliyokataa kusogea.

MISIMU MIWILI, VIFUNIKO VIWILI

Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ina vipindi viwili vya ukavu, na kila kimoja kina tabia yake.

Cha kwanza ni kiangazi chenyewe, Januari hadi katikati ya Machi. Usiku anga ni jeupe, nyota tele, na ardhi hupoa sana. Kifuniko hujengeka kuanzia magharibi na kuwa imara zaidi karibu na mapambazuko. Lakini jua la kiangazi ni kali. Likishachomoza, huichemsha ardhi, hewa ya chini hupanda, na kufikia saa tatu au saa nne asubuhi kifuniko kimevunjika. Tatizo ni kwamba kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi ndipo matatu, malori na magari ya binafsi hujaa barabarani, na ndipo watoto hutembea kwenda shule. Moshi mwingi zaidi hutolewa wakati kifuniko bado hakijafunguka.

Kipindi cha pili ni kipupwe, ambacho wengi wetu hukiita msimu wa baridi, Juni hadi Septemba. Mvua ni haba, lakini mawingu mazito hukaa chini chini asubuhi nzima, na mara nyingine siku nzima. Jua halifiki ardhini kwa nguvu. Hewa ya chini haipati joto la kutosha kupanda, na juu ya mawingu yale huwa kuna tabaka lenye joto linaloifunika yote. Hapa kifuniko chaweza kudumu hadi adhuhuri, na siku nyingine kisifunguke kabisa. Ndiyo maana siku tatu au nne za Julai zisizo na jua wala upepo huwachosha wagonjwa wangu wa pumu kuliko wiki nzima ya Februari yenye vumbi.

UPEPO HUUPELEKA WAPI?

Kifuniko huzuia moshi usipande. Upepo nao huamua unakoelekea.

Mchana, upepo wa Nairobi kwa kawaida hutoka upande wa mashariki: kaskazini mashariki wakati wa kaskazi, kusini mashariki wakati wa kusi. Kwa hivyo moshi wa jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka wa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, mara nyingi husukumwa kuelekea Korogocho na Kariobangi. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Si yote yalitoka kwenye moshi, kwani udongo na maji pia huchafuka, lakini anayeishi upande unaopelekewa upepo hupata sehemu yake kila siku bila kuombwa ruhusa.

Usiku mambo hugeuka. Upepo wa mchana hutulia, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kama maji. Hushuka kutoka miinuko ya magharibi, ikifuata mabonde ya mito yetu: Nairobi, Mathare na Ngong. Kila moto unaowashwa kandokando ya mabonde hayo huchangia. Anayeishi bondeni hupokea moshi wake na wa wale walio juu yake. Nyumba mbili zaweza kuwa mita mia tatu tu kutoka kwa nyingine, moja mlimani na nyingine kando ya mto, na wakazi wake wasipumue hewa moja.

Pwani nako kuna utaratibu wake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda, na upepo kutoka baharini huingia kuijaza nafasi. Upepo huo ni safi, lakini huusukuma moshi wa mjini kuelekea bara. Usiku nchi kavu hupoa, nao upepo hugeuka polepole ukatoka bara kwenda baharini. Wavuvi wanaujua vizuri na kwa miaka mingi wameutumia kutoka na ngalawa alfajiri. Ikiwa unaishi Mombasa au Malindi na taka zinachomwa upande wa bara kutoka kwako, tarajia harufu yake usiku na mapema asubuhi, wala si alasiri.

MOSHI WA MBALI

Wasomaji wengi hudhani kwamba moshi hufa ukitoweka machoni. Tupige hesabu ndogo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa, ambao si mkali, husafiri kilomita 480 kwa siku moja. Huo ni umbali wa barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa. Na tumeshasema chembe ndogo zaweza kuelea wiki nzima.

Afrika ndilo bara linaloungua zaidi duniani. Zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoteketezwa na moto kila mwaka ulimwenguni iko hapa, na sehemu kubwa ni nyika za majani. Kaskazini ya ikweta, kutoka Sudan Kusini hadi Afrika Magharibi, moto huwaka zaidi kati ya Novemba na Februari. Kusini ya ikweta, katika Angola, Zambia, kusini mwa Kongo, Msumbiji na sehemu za Tanzania, huwaka Juni hadi Oktoba. Wakulima hutayarisha mashamba, wafugaji huchoma nyasi kavu ili nyasi changa zichipuke, wawindaji hufukuza wanyama.

Huko kusini, hewa ya kiangazi huwa na vifuniko kadhaa vilivyopangana, kimoja kwenye kimo cha kilomita tatu hivi na kingine karibu kilomita tano. Moshi hupanda kwa joto la alasiri, hukwama chini ya vifuniko hivyo, kisha huzunguka juu ya bara siku nyingi kabla haujapata mlango wa kutokea. Septemba 2000, wanasayansi wa mradi wa kimataifa ulioitwa SAFARI 2000 waliuona ukitoka wote kwa pamoja kama mto mkubwa, ukipita kusini mwa Afrika na kumwagika Bahari ya Hindi.

Ulimwengu ulipata somo kali zaidi kule Indonesia mwaka wa 1997. Hali ya El Niño iliichelewesha mvua. Mioto iliyowashwa kusafisha mashamba huko Sumatra na Borneo iliingia kwenye udongo wa mboji uliokaushwa, ikawaka chini kwa chini kwa miezi. Upepo uliupeleka moshi Malaysia na Singapore. Septemba mwaka huo jimbo la Sarawak lilitangaziwa hali ya hatari, shule na ofisi zikafungwa. Mamilioni waliopumua moshi ule hawakuwasha hata kiberiti. Nchi za eneo hilo zilitia saini mkataba wa moshi unaovuka mipaka mwaka wa 2002, lakini Indonesia yenyewe iliuidhinisha mwaka wa 2014 tu.

Je, moshi wa namna hiyo ndio unaotukohoza Nairobi? Kwa kiasi kikubwa, la. Upepo wa kusi hutufikia ukitoka baharini, nao huja na hewa safi. Ni kweli misitu yetu pia huungua: Mlima Kenya uliwaka mwaka wa 2012 na tena 2019, na Kilimanjaro ukawaka Oktoba 2020. Lakini uchunguzi uliofanywa Nairobi umeonyesha kwamba vyanzo vikuu vya chembe ndogo hewani ni magari na vumbi. Yaani sumu nyingi tunayoivuta tumeitengeneza sisi wenyewe, hapa hapa, na hali ya anga imekataa kutuondolea.

Hiyo ni habari mbaya, lakini ina faida yake. Moshi wa Angola huwezi kuuzima. Wa mtaani kwako waweza.

KIFUNIKO CHA NYUMBANI

Kuna mahali ambapo kifuniko tunakitengeneza kwa mikono yetu: chumbani. Usiku wa Julai, mama hufunga dirisha, huziba mwanya wa mlango kwa gunia na kuingiza jiko la makaa ndani ili watoto wapate joto. Makaa yameshakolea, hayatoi moshi tena, kwa hivyo huamini hatari imekwisha.

Hapo ndipo hatari huanza. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu, huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa huku pua zikipumua kama kawaida. Mtu huumwa na kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha hulala. Wengine hawaamki. Familia nzima zimepotea hivi, na majirani wakadhani ni chakula kilichowadhuru.

Kwa hivyo sikiza vizuri: jiko la makaa lisilale ndani na watu, hata liwe limekolea namna gani. Ukimkuta mtu amezirai kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi, kisha umkimbize hospitali. Usianze kwa kumpa maziwa.

MOSHI UKIINGIA MWILINI

Njia zetu za hewa zina ulinzi. Pua huchuja. Ute hunasa. Vinyweleo vidogo hufagia ute huo kuelekea kooni, nawe huutema au kuumeza. Chembe za moshi hupenya ulinzi huu. Hufika kwenye vifuko vidogo vya hewa mwisho kabisa wa mapafu, na zile ndogo zaidi huingia kwenye damu.

Kwenye mapafu husababisha uvimbe. Mwenye pumu hubanwa. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu huzidiwa. Mtoto hupoteza kinga dhidi ya viini vya nimonia, na Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema moshi wa jikoni karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto kupata maradhi hayo. Kwenye damu, chembe hizo huathiri mishipa na kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka wa 2013 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka hewa chafu ya nje katika orodha ya visababishi vya saratani.

WHO ilikadiria kwamba hewa chafu ya nje iliua mapema watu milioni 4.2 mwaka wa 2019, na moshi wa majumbani watu milioni 3.2 mwaka wa 2020. Mwaka wa 2021 ilipunguza kiwango kinachopendekezwa cha chembe ndogo: kisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita mchemraba kwa mwaka, na 15 kwa siku moja.

Wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, waja wazito, wazee, wenye pumu, wenye maradhi ya moyo na wenye selimundu. Mtoto mchanga huvuta pumzi 30 hadi 60 kila dakika, ilhali mtu mzima hutosheka na 12 hadi 20. Kwa uzito wake, mtoto huvuta moshi mwingi kuliko mzazi aliyembeba.

UFANYE NINI?

1. Usome moshi. Jioni au asubuhi, tazama bomba la kiwanda, au moshi wa muuza mahindi choma. Ukipanda ukizunguka na kutawanyika, hewa inasogea. Ukipanda kidogo kisha ukatandaa kama sahani, kifuniko kimefungwa. Ukitambaa chini, funga madirisha ya upande unakotoka. Utando wa kijivu ukionekana juu ya jiji asubuhi, jua kifuniko bado hakijafunguka.

2. Panga saa zako. Katika miezi ya ukavu, hewa huwa na nafuu zaidi kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri. Hapo ndipo ufungue madirisha, uanike matandiko, umtoe mtoto nje. Anayekimbia mazoezi saa kumi na moja alfajiri kando ya Thika Road anavuta moshi kwa pumzi ndefu. Akimbie jua likishapanda, na mbali na barabara kuu. Asiye na nafasi mchana basi atafute njia ya ndani, kwani hata mita mia mbili kutoka barabarani huleta tofauti.

3. Usichome taka, na hasa usichome jioni. Wengi hungoja jua litue kwa kuwa hakuna joto na majirani hawaoni. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kifuniko kinafungwa, na moshi wa plastiki, wenye sumu kali, utalala na watoto wa ploti nzima. Tenga taka za jikoni zigeuzwe mboji, chupa na plastiki wapewe wanaozikusanya, na mabaki yabebwe na wenye kuzoa taka. Ukiona mtaa wenu unachoma kila jioni, lipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa wakazi au kwa mzee wa mtaa.

4. Jiko la makaa liwashiwe na litumiwe nje au mahali penye upepo wa kutosha. Penye uwezo, gesi ni bora. Aliye na gesi na makaa pamoja, atumie gesi asubuhi na jioni, na maharagwe yachemshwe kwa makaa mchana, nje.

5. Barakoa ya kitambaa au ile nyepesi ya hospitali huzuia vumbi kubwa, lakini si chembe za moshi. Ile ya aina ya N95 huzichuja, mradi ishike uso pande zote. Wanaofanya kazi barabarani au karibu na jaa waizingatie.

6. Mwenye pumu asingoje Julai. Muone daktari mwezi Mei. Inhela ya kuzuia, ambayo kwa kawaida huwa ya rangi ya kahawia, hufanya kazi polepole na hutumiwa kila siku hata ukijisikia mzima. Ile ya buluu hutuliza tu. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa umeonya kwamba mgonjwa asitegemee ya buluu peke yake. Kwa mtoto asiyeweza kuvuta dawa vizuri, uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa ipasavyo na kuunganishwa na inhela, hufanya kazi kama kifaa cha kununua. Mwombe daktari au muuguzi akuonyeshe.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mtoto hospitali mara moja ukiona mbavu zikiingia ndani anapopumua, midomo ikigeuka buluu, au akishindwa kunyonya. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60 kwa wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, usingoje kupambazuke.

Mtu mzima asiyeweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au anayebanwa kifua na maumivu yakaenda mkononi au shingoni, naye akimbizwe. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kisilaumiwe moshi bila kupimwa. Kifua kikuu bado kipo, nacho hutibika.

Msomaji, huwezi kuamuru upepo, wala huna mkono mrefu wa kufungua kifuniko cha anga. Lakini saa ya kuwasha moto ni yako. Jioni ya leo, kabla hujafunga madirisha, toka nje utazame moshi wa jirani unakoelekea. Kisha tazama na wako.